Je, Mkana Mungu Angekuwepo Kama Kusingekuwa na Waumini?

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ile ya kila asubuhi. Kama uko kwenye matatu au una sufuria mekoni, uhifadhi uusome jioni ukiwa umetulia.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja wa ushirika wetu alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku. Alikuwa analia. Mwanawe, aliye mwaka wa tatu chuo kikuu, alikuwa amemwambia wakiwa mezani, chakula cha mchana cha Jumapili, kwamba haamini tena kuwa kuna Mungu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba amebadilisha kozi. Mama aliniomba niende nimkemee huyo pepo. (Nimewaomba ruhusa wote wawili kabla ya kuandika haya, nao wamenipa.)

Nilimpigia kijana simu. Mimi, kama wahubiri wengi, nina neno moja ninaloliweka tayari kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Umelisikia mimbarini mara nyingi, na huenda umeliitikia amina. Nikamwambia, "Mwanangu, kama Mungu hayuko, mbona unajisumbua kumpinga? Hakuna mtu anayepigana na kitu ambacho hakipo. Huko kumkana kwako kunashuhudia kwamba yuko."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa heshima zote, "Pasta, mimi simpingi. Ni nyinyi mnaouliza."

Nilimwombea palepale kwenye simu, akasema asante, tukaagana. Lakini nilipoweka simu chini nilijua sijamjibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia usiku baada ya maombi, nikitafuta jibu la swali moja tu. Kumkana Mungu kunategemea imani ya wengine ili kuwepo? Sisi waumini tukinyamaza sote leo, wao watabaki na nini?

Anza na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema mkana Mungu. Ondoa Mungu kwenye neno hilo, unabaki na mkana, na hujui anakana nini. Huenda ni deni. Wagiriki walisema *atheos*, yaani asiye na mungu, na mungu yumo ndani ya neno. Warusi husema *bezbozhnik*, na humo pia yumo. Huwezi kulitamka jina la mtu huyo bila kumtaja yule anayesema hayupo. Hapo neno langu la mimbarini linaonekana lina nguvu.

Lakini subiri usikie ni nani waliitwa hivyo.

Mwaka 399 kabla ya Kristo, watu wa Athens walimhukumu Socrates kufa, na moja ya mashtaka ilikuwa kwamba haiheshimu miungu ya mji. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba miaka mia tano na zaidi baadaye, watu waliokuwa wakiitwa *atheos* mitaani walikuwa ni sisi. Ndiyo, Wakristo. Hatukuwa na sanamu, hatukuwa na hekalu, hatukuchinja mnyama, hatukumfukizia Kaisari ubani. Jirani wa Kirumi alipochungulia nyumbani kwa Mkristo hakuona mungu wowote, basi akahitimisha kwamba watu hawa hawana mungu. Na kama mvua haikunyesha, au tauni ikaingia, lawama ilikuwa juu yao kwa kuwaudhi miungu.

Karibu mwaka 155 au 156, mzee Polycarp, askofu wa Smyrna, mji unaoitwa Izmir leo huko Uturuki, aliletwa uwanjani mbele ya liwali. Liwali alimhurumia kwa uzee wake. Akamwambia atamke tu kwamba wakana miungu waondolewe, akimaanisha Wakristo, halafu aende zake nyumbani. Mzee akageuka, akalitazama lile umati la wapagani waliojaa uwanjani, akawapungia mkono wao, akainua macho mbinguni, na kuyatamka maneno hayo hayo. Walimchoma moto. Katika miaka hiyohiyo Justin, ambaye naye aliuawa kwa imani yake, aliandika kwa watawala akikiri wazi kwamba kuhusu miungu yao, naam, Wakristo ni wakanaji. Naye Paulo, ukifungua Waefeso 2:12, anawatumia neno hilohilo watu wa Mataifa jinsi walivyokuwa kabla ya kumjua Kristo.

Kwa hiyo kila upande ulimwita mwenzake kwa jina lile lile. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza. Hakuna mtu anayekana hewani. Mtu humkana mungu fulani, aliyefundishwa na watu fulani, katika mji fulani. Ukitaka kujua mtu amekana nini, uliza kwanza aliambiwa nini.

Turuke karne nyingi hadi Ulaya ya miaka ya 1600. Wakati huo neno hili lilikuwa tusi la kurushiana. Mkatoliki alimwita Mprotestanti hivyo, Mprotestanti akamrudishia. Lakini ungetafuta mtu mmoja aliyesimama na kusema mwenyewe kwamba hakuna Mungu kabisa, ungechoka kutafuta. Mahali ambapo maneno ya mkana Mungu yalisikika kila wiki palikuwa ni darasani, kwenye vyuo vya theolojia. Thomas Aquinas, karne ya 13, kabla ya kueleza njia zake tano za kuonyesha kuwa Mungu yuko, aliandika kwanza hoja mbili za kumpinga: kwamba uovu upo duniani, na kwamba mambo ya ulimwengu yanaweza kuelezwa bila kumhitaji Mungu. Aliziandika kwa nguvu kiasi kwamba hata leo mjadala mwingi unazunguka hizo mbili. Alifanya vizuri, maana huwezi kumshinda adui usiyempa nafasi ya kusema. Lakini matokeo yake ni kwamba vizazi na vizazi vya mapadri vijana walijifunza kumkana Mungu kutoka kwa walimu wao watakatifu, kama zoezi.

Kule Uingereza mwanasayansi Robert Boyle, Mkristo wa dhati, alipokufa mwaka 1691 aliacha fedha za kugharamia mahubiri ya kutetea imani dhidi ya wasioamini. Yakaanza mwaka 1692. Anthony Collins, mtu mwenye ulimi mkali, husimuliwa kuwa alitania kwamba hakuna aliyekuwa na shaka juu ya Mungu mpaka hao wahubiri wa Boyle walipoanza kumthibitisha. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilikumbuka mwaka 2016 hapa kwetu, chama cha wasioamini kiliposajiliwa rasmi, na miezi michache baadaye usajili ukasimamishwa baada ya malalamiko kutoka upande wa dini. Kabla ya hapo, wangapi kati yenu mlijua kuna chama kama hicho Kenya? Mimi mwenyewe nilihubiri juu yao Jumapili mbili mfululizo. Sikuwa nimekutana na hata mmoja.

Sasa nataka nikupeleke mahali ambapo nilikaa siku nyingi kuliko pengine pote, maana kisa chenyewe ni cha mchungaji.

Kuna kijiji kinaitwa Étrépigny, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, upande wa Ubelgiji. Mwaka 1689 kijana wa miaka 24, Jean Meslier, alikabidhiwa parokia ya hapo. Alikaa miaka 40. Alibatiza watoto, kisha akawafungisha ndoa watoto hao, kisha akabatiza watoto wao. Aliongoza misa, akazika wafu, akasikiliza maungamo. Inasimuliwa kwamba mapato yake yaliyobaki mwisho wa mwaka aliwagawia maskini.

Mara moja tu alileta kelele. Bwana mwenye ardhi wa eneo hilo alikuwa akiwatesa wakulima, na desturi ya wakati ule ilitaka padri amtaje bwana huyo kwa jina katika maombi ya Jumapili, kama vile sisi tunavyowatambua waheshimiwa wakiingia ibadani na magari yao. Meslier akakataa kumtaja. Kesi ikapelekwa kwa askofu mkuu wa Reims, naye akasimama na tajiri. Jumapili iliyofuata Meslier akapanda mimbarini na kuwaambia watu, haya, tumwombee bwana huyu: Mungu amgeuze moyo, ampe neema ya kuacha kuwatesa maskini na kuwapora mayatima. Ukimsoma hapo unataka kumpigia makofi.

Baada ya hapo akanyamaza mpaka kufa kwake, mwaka 1729. Watu walipoingia nyumbani mwake walikuta maandishi marefu, nakala tatu, kila moja zaidi ya kurasa 300, zote ameziandika kwa mkono wake. Alikuwa amewaandikia waumini wake. Akawaambia kwamba yale yote aliyowafundisha hakuyaamini. Hakuna Mungu, alisema, na aliogopa kusema hivyo akiwa hai.

Miaka 40, mpendwa. Watu wanakuja na mizigo yao, naye anainua mikono juu yao, na moyoni hamna kitu. Niliposoma hapo niliweka kitabu kando nikaenda kusimama nje.

Lakini angalia aliandika kwa zana gani. Hoja zake nyingi zimetoka kwenye Biblia. Anaweka ukoo wa Yesu katika Mathayo kando ya ule wa Luka na kuuliza mbona havilingani. Anachukua unabii na kuuliza ulitimia lini. Hakuna mtu asiyekaa na Maandiko miaka 40 angeweza kuandika hivyo. Na tunazo pia alama za kalamu yake pembeni mwa kitabu cha Fénelon, askofu mkuu wa Cambrai, kilichoandikwa kuthibitisha kuwapo kwa Mungu. Askofu anajenga hoja katikati ya ukurasa, padri wa kijijini anamjibu ukingoni, hoja kwa hoja. Kitabu cha kumtetea Mungu kiligeuka kuwa karatasi ya kumkania.

Ugomvi na yule bwana siwezi kusema ndio uliomgeuza, maana yeye mwenyewe anaeleza kwamba mashaka yake yalianza ujanani. Ila soma maandishi yake uone jinsi wafalme, matajiri na makasisi wanavyojitokeza kila mara pamoja na Mungu, kama kundi moja lililokaa meza moja juu ya mgongo wa mkulima. Mungu anayemkana ni yule aliyetumwa kumlinda mwenye ardhi. Na ni nani aliyemchora Mungu wa namna hiyo kule Étrépigny? Siyo shetani. Ni askofu mkuu, alipoamua kesi.

Kwa Meslier, basi, jibu la swali letu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa. Bila Kanisa asingejua kusoma, asingekuwa na Biblia, asingekuwa na Fénelon, asingekuwa na kidonda. Na hayuko peke yake. Huko India ya kale kulikuwa na watu walioitwa Charvaka, waliokataa miungu na maisha baada ya kifo, na karibu yote tunayojua juu ya mafundisho yao yamehifadhiwa na wapinzani wao, ndani ya vitabu vya kuwapinga. Waumini ndio waliowatunza.

Ningetaka kuishia hapo. Ingekuwa mahubiri mazuri, na neno langu la zamani lingesalimika. Tatizo ni kwamba historia haikuishia hapo, na mtu anayetuvusha ni Meslier huyohuyo.

Mwaka 1914 mjini Moscow, kando ya kuta za Kremlin, ulisimamishwa mnara wa mawe wenye majina ya wafalme wa ukoo wa Romanov. Mwaka 1918, baada ya mapinduzi, serikali mpya iliyafuta majina hayo na kuchonga mengine ya wanafikra wa kimapinduzi. Kati yao, padri wetu wa Étrépigny. Jiwe ni lile lile, watakatifu ndio waliobadilishwa.

Na hivyo ndivyo walivyofanya karibu kila kitu. Mwaka 1922 likaanzishwa gazeti liitwalo *Bezbozhnik*. Mwaka 1925 likafuata shirika kubwa la wakana Mungu, ambalo kuanzia 1929 lilijiita la wapiganaji, likiongozwa na Yemelyan Yaroslavsky, na likafika kujitangaza kuwa na wanachama zaidi ya milioni 5. Mtoto akizaliwa, badala ya ubatizo kulikuwa na sherehe ya kumkaribisha kwa jina la Mapinduzi ya Oktoba. Nyumba ya Mrusi ilikuwa na kona ya sanamu takatifu, iliyoitwa kona nyekundu. Serikali ikaanzisha kona nyekundu zake, zenye picha ya Lenin. Mwili wa Lenin mwenyewe ukahifadhiwa usioze, watu wakapanga foleni kuuona. Ukitazama vizuri unaona kanisa lililovaliwa ndani nje.

Usidhani nilikuwa mchezo. Kanisa kuu la Kristo Mwokozi pale Moscow lililipuliwa kwa baruti tarehe 5 Desemba 1931. Makasisi na waumini kwa maelfu waliuawa au kupelekwa kambini. Hata Jumapili waliifuta: mwaka 1929 wakaleta juma lisilo na siku moja ya mapumziko kwa wote, kila kundi la wafanyakazi likipumzika siku yake, ili watu wasikutane kanisani. Wakahangaika na kalenda zao mpaka mwaka 1940, juma la siku saba likarudi na Jumapili yake. Na Jumapili kwa Kirusi inaitwa *voskresenye*, maana yake ufufuo. Hawakufanikiwa kuitoa hiyo mdomoni mwa watu. Hata Mrusi anaposema asante, *spasibo*, asili ya neno ni Mungu akuokoe. Yaroslavsky naye lazima alikuwa akishukuru hivyo akipewa chai.

Januari 1937 wakafanya sensa, na ndani yake wakaweka swali la dini. Baada ya miaka kumi na tisa ya mapambano, na huku watu wakijua kabisa hatari ya kujibu, zaidi ya nusu ya watu wazima waliojibu, kama milioni 55, walisema wanaamini. Sensa ikafutwa. Wakuu wa takwimu wakakamatwa, baadhi wakapigwa risasi. Sensa ya 1939 haikuuliza tena. Kisha Wajerumani wakavamia Juni 1941, gazeti likafungwa, shirika likazimika, na usiku mmoja wa Septemba 1943 Stalin akawaita Kremlin maaskofu wakuu watatu na kuwaruhusu kuchagua patriaki. Alihitaji watu wa kuomba, nchi ilikuwa inakufa.

Mpaka hapo bado unaweza kusema, unaona pasta, wanamhitaji Mungu hata wa kumpiga! Ndivyo nami nilivyokuwa nikisema. Sasa twende Ujerumani Mashariki.

Kule, vijana wa Kilutheri walikuwa wakipokea kipaimara wakiwa na miaka kama 14, sherehe kubwa ya familia. Serikali ya kikomunisti haikuifuta. Kuanzia 1954 na 1955 iliweka sherehe yake pembeni, iitwayo *Jugendweihe*, umri ule ule, msimu ule ule, nguo nzuri, hotuba, zawadi, keki. Kijana aliyekataa kuhudhuria angeweza kukosa nafasi ya masomo ya juu. Mzazi yeyote wa Kenya anaelewa shinikizo hilo, na pole pole karibu kila familia ikaingia. Ilikuwa nakala ya kipaimara, imetengenezwa kukishindania. Ilimtegemea muumini kwa kila kitu.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa mwaka 1989, na serikali hiyo ikaondoka mwaka uliofuata. Shinikizo likaisha. Ungetarajia sherehe hiyo ife na watu wamiminike makanisani. Sherehe bado ipo mpaka leo, na familia nyingi huifanya bila kufikiria kabisa kwamba ilianzishwa ili kupingana na kitu fulani. Kwao ni siku ya kijana kupata zawadi. Makanisa ya huko mengi yamebaki na wazee wachache. Nenda Estonia, nchi nyingine iliyokuwa chini ya Moscow: sensa ya mwaka 2011 ilionyesha zaidi ya nusu ya waliohesabiwa kuanzia miaka 15 hawajihusishi na dini yoyote. Watu hao hawana gazeti la kumpinga Mungu. Hawana shirika. Hawaandamani. Ukiwauliza habari za Mungu wanakuangalia kama vile wewe ungemwangalia mtu anayekuuliza msimamo wako juu ya mungu wa Babeli. Bibi alikana kwa kuogopa, mama akakaa kimya, na mjukuu hana cha kukana.

Hapo nikasikia tena sauti ya yule kijana kwenye simu. Ni nyinyi mnaouliza.

Basi nimelazimika kuligawa jibu langu. Yule anayepigana na Mungu, anayeandika, anayebishana nawe kwenye maoni saa saba za usiku, huyo anaishi kwa imani yetu. Anakula mezani kwetu hata akitupa sahani. Na kusema kweli, huyo simwogopi, huyo bado anaongea na Mungu kwa namna yake. Lakini kuna kutoamini kwingine ambako hakumtegemei muumini hata kidogo. Kulizaliwa kutokana na ule wa kwanza, kisha kukajitegemea, kama mtoto aliyesahau jina la kijiji alikotoka babu yake. Neno langu la mimbarini halimfikii mtu huyo. Linampita.

Na hata kwa yule wa kwanza, nimegundua neno hilo halithibitishi nililodhani linathibitisha. Mimi nakana kwamba hirizi iliyofukiwa langoni inalinda kiwanja. Kukana kwangu kunategemea waganga. Bila wao nisingekuwa na la kukana. Je, kwa hiyo hirizi ina nguvu? Hasha. Mungu wetu yuko, naamini hivyo kwa damu yangu yote, lakini sina haki ya kumshuhudia kwa hoja mbovu. Paulo alipofika Athens, Matendo 17, hakuwaambia kwamba kupinga kwao kunamthibitisha Bwana. Alizunguka kwanza mji, akaangalia wanaabudu nini, ndipo akafungua kinywa.

Sensa yetu ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 nchini Kenya katika kisanduku kimoja, wasio na dini pamoja na wakana Mungu. Kisanduku kimoja, lakini sasa mnaona humo ndani kuna watu wa aina mbili. Mama yule alidhani mwanawe ni wa aina ya kwanza. Mimi nilidhani ni wa pili. Nikaona, badala ya kukisia, nimfuate nikamuulize kile ambacho nimejifunza kuuliza: uliambiwa nini?

Tulikutana kwenye kibanda cha chai karibu na chuo chao. Nikamuuliza. Akazungusha kikombe, akasema, "Pasta, utakasirika." Nikamwambia sitakasirika.

Akanikumbusha alipokuwa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa amelazwa, figo zimekataa kufanya kazi. Nilikwenda wodini. Niliweka mikono juu ya mgonjwa nikatangaza, kwa sauti ambayo wagonjwa wote walisikia, kwamba hatakufa bali ataishi, na kwamba atakayetia shaka katika familia hii ndiye atakayefunga mlango wa muujiza. Kijana alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Siku kumi na moja baadaye baba alifariki. Kwenye mazishi nikahubiri kwamba Mungu amechuma ua lake kwa wakati wake mkamilifu, watu wakalia, wakafarijika.

"Mwaka mzima nilidhani ni mimi niliyefunga mlango," akasema. "Kwa sababu nilikuwa nimetia shaka. Nilipoacha kuamini, pasta, ndiyo siku ya kwanza nililala."

Mpendwa, mimi nayakumbuka maombi yale. Nilikuwa nayakumbuka kama siku niliyotumiwa kwa nguvu.

Nilimwambia kwamba si yeye aliyefunga mlango wowote. Nikamwambia kwamba yule mungu niliyemtangaza wodini, anayemsubiri mtoto wa miaka kumi na sita ateleze ili amuue baba yake, hata mimi namkana, na kwamba nilimtengeneza mwenyewe siku ile kwa sababu niliogopa kusimama kando ya kitanda bila la kusema. Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa tu. Hatukuomba. Nilitaka, lakini niliona si wakati.

Hajarudi kanisani. Jumapili iliyopita alimsindikiza mama yake mpaka langoni, akanisalimia, akaenda zake. Mama aliniuliza kama tumpangie kesha la ukombozi. Nimemwambia asimpangie lolote, ampikie chapati tu akija likizo, na akiuliza kitu amjibu kile anachokijua na si zaidi.

Alhamisi hii hatutakuwa na somo la kawaida. Kuanzia saa kumi na mbili jioni nitakaa pale ukumbi mdogo, sina kipaza sauti, sina notisi. Yeyote aliyewahi kuambiwa nami, mimbarini au kando ya kitanda cha mgonjwa, kwamba Mungu amesema jambo ambalo halikutimia, aje anikumbushe. Vijana mnaosoma hapa bila kuweka alama yoyote, najua mpo, nanyi mnakaribishwa. Chai itakuwepo. Mbarikiwe.